Siku Mama Mkwe Alipoanguka Mtoni

Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa. Mke wangu anasema hata nikilala miguu yangu inaendelea na safari. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma, pale Ruashi, mjini Lubumbashi, na hata hiyo naifanya nikizunguka: nachomea hapa, naacha, naenda kugombana na jirani kuhusu waya wa umeme, narudi, chuma kimeshapoa. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Yaliyonipata mtoni yalianzia kwenye miguu yangu na mdomo wangu, miaka tisa kabla.

Kwetu, watu wa Luapula, kuoa ni jambo moja na kuingizwa ni jingine. Mwanamume ameoa, sawa, lakini mpaka siku wakwe watakapomketisha na mama mkwe amwekee chakula mbele yake kwa mkono wake mwenyewe, anabaki mtu wa uani. Hali chakula mbele ya mama mkwe. Hamtazami usoni. Hamsemeshi, akiwa na neno analituma kwa mke, na jibu linarudi kwa njia ileile. Kitu hampi mkononi, anakiweka chini, anarudi nyuma, mama anakuja kukichukua. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayeingia majanini. Siku hizi vijana wengi wa Lubumbashi wanayacheka mambo haya, wanakula na mama mkwe meza moja kabla hata mahari haijaisha. Sisi hatukucheka. Wenzangu waliooa dada za mke wangu waliingizwa mwaka wa pili, wengine wa tatu. Mimi nilikuwa natimiza wa tisa.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikwenda kuezeka nyumba ya mama mkwe, mjane aliyekuwa ameuza samaki wa Kasenga maisha yake yote mpaka akapata kiwanja chake hapo Ruashi. Jua lilikuwa kali, nikavua shati. Chini alisimama mjomba wa mke wangu, ananifundisha kazi ambayo hajawahi kuifanya. Mara bati limekaa upande, mara misumari haitoshi. Nilivumilia mpaka saa sita. Kisha nikashuka ngazi nikimtukana, kifua wazi, na mguu ulipogusa ardhi nikajikuta uso kwa uso na mama mkwe, ameshika beseni la maji alilotaka nipelekewe ninawe. Alijifunika uso kwa kitenge akaingia ndani. Shati langu lilikuwa bado juu ya bati.

Nililipa faini ya kuku na kitenge kipya. Alipokea. Hakuwahi kusema neno baya juu yangu, wala hakunipikia. Nilimtengenezea mlango wa chuma, nikamwekea madirisha, nikamchimbia choo, na kila mara chakula changu kililetwa na mtoto wa jirani, nikala peke yangu kando ya tanuri la matofali la uani, nikisikia wenzangu walioingizwa wakicheka ndani. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijua, lakini miaka tisa jamani. Nilichotaka ni sahani moja tu kutoka mkononi mwake. Na kwa kuwa naandika ukweli, niandike wote: kufikia mwaka wa saba au wa nane, chini ya heshima yote ile, nilikuwa nimeanza kumchukia.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ndiye aliyetupeleka mtoni. Zamani alikuwa akifundisha watoto wa matajiri kuogelea kule hoteli ya Karavia. Kisha akapata kazi katika kituo kimoja nje ya mji, upande wa barabara ya Kasenga, ambako watu wanalipa ili wateremke mtoni katika mashua za mpira na kupanda vilima kwa kinga. Kinga ndiyo baiskeli, kwetu. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekwisha, maji bado yamejaa, na kabla ya kufungua msimu wafanyakazi waliruhusiwa kuleta familia zao siku moja bila malipo. Shemeji alitaka mama yake aone kazi anayoifanya, kwa sababu mama alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba kijana wake anaogesha wazungu.

Gari niliazima kwa kastoma wangu, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, ambaye trela zake nazichomea mimi. Ilikuwa Canter ndogo ya usukani wa kulia, ingawa kwetu magari hupita kulia na hupitana kushoto. Sasa fikiria: dereva ni mimi, mama mkwe hawezi kukaa nyuma kwenye vumbi kama gunia la mihogo, na hawezi kukaa karibu nami. Mke wangu alikaa katikati, akatandaza mkoba wake na vitenge viwili na sufuria ya chakula, na mama akakaa dirishani. Taabu ilikuwa kioo cha upande wake. Nikikitazama, namwona uso. Basi niliendesha saa nzima na zaidi bila kukitazama, malori ya madini yananipita kutoka upande huo na honi juu yake, jasho linanitoka, na mke wangu ananiuliza kwa nini nauma meno.

Tulipofika, mashua ilikuwa bado inajazwa upepo. Walitupa viti vya plastiki chini ya miti tungoje. Mama alikaa akautazama mto. Mke wangu akakaa. Mimi nilikaa nikasimama, nikaenda kuona pampu, nikawaambia wanaisukuma vibaya, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Mwishowe shemeji akaniambia kwa upole nichukue kinga moja nikazunguke kilimani, pengine nitachoka.

Niliwahi kuwa na kinga, ujanani. Lakini kinga yetu ilikuwa punda: magunia ya makala, yaani makaa, matatu au manne nyuma, fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani, na mtu anaisukuma kutoka porini mpaka mjini, siku mbili, bila kuipanda hata mara moja. Hii ya kituo ilikuwa nyepesi mno. Nilipoikalia nikageuka nyuma mara mbili kuhakikisha sijaangusha kitu. Njia yao ilipanda katikati ya miti, ikazunguka vichuguu virefu kuliko nyumba, halafu ikateremka ghafla. Kupanda nilipanda kama mwehu. Kuteremka nilishuka na kushika kinga kwa nguvu ili mzigo usinivute, na mzigo haukuwepo, basi nikaanguka kwa kuivuta mwenyewe. Nilirudi na goti lililochubuka, na moyo bado unapiga. Sikuwa nimechoka hata kidogo.

Niliporudi nilikuta mambo yamebadilika. Mama alikuwa amemwuliza mwanawe maji haya yanakwenda wapi, naye akamwambia yanashuka mpaka Luapula. Alizaliwa kando ya Luapula, alivuka kwa mtumbwi kwenda ng'ambo ya Zambia tangu akiwa msichana, na tangu alipohamia mjini hakuwahi kupanda chombo chochote cha maji. Kisha akasimama, akakaza kitenge, akasema naye apewe jile la kuelea. Mke wangu alikataa, shemeji akasitasita, mkubwa wa kituo akaja kuuliza umri wake. Aliwajibu kwamba mto haumwulizi mtu umri. Hakuna aliyembishia tena.

Lakini kwenye mashua ya mpira huwezi kuvaa kitenge peke yake, ukianguka kinakufunga miguu. Wakampa suruali ya michezo. Mama mkwe wangu, katika suruali! Niligeukia mti nikausoma gome lake mpaka niliposikia wameshamketisha. Mke wangu alikuja kunigusa bega, huku anazuia kicheko, akaniambia nivae kofia ngumu na niache utoto.

Tulikuwa wanne. Mama mbele kushoto, mke wangu mbele kulia, mimi nyuma ya mama, na shemeji kwenye mkia akishika kafi ndefu ya kuongozea. Niliomba nikae mbele ili mgongo wangu uwe kwake, lakini shemeji alisema wazito wanakaa nyuma, hapa mtoni anayepanga ni yeye. Kabla hatujasukumwa alitueleza sheria zake. Moja aliirudia. Mtu akianguka, aliye karibu naye ndiye anayemvuta. Anamshika jile kwenye mabega, anajirusha kinyumenyume, anamtoa. Hakuna kungoja mwingine. Niliitikia kwa kichwa. Wote tuliitikia.

Mwanzoni ilikuwa raha, siwezi kukana. Maji yalitubeba, na mimi nikipelekwa mbio huwa natulia kidogo. Mama alipiga kafi yake vizuri kuliko sisi sote, mkono wa juu umenyooka, bila haraka, na nikaona mabega yake yanafurahi. Nilikuwa sijawahi kumtazama kwa muda mrefu hivyo, hata kwa mgongo. Shemeji alipiga mluzi wa kujivunia. Nikajiambia kwamba labda leo, akirudi na furaha hii, atasema neno. Halafu nikajichukia kwa kuwaza hivyo, maana nilikuwa nawaza hivyo kila sikukuu.

Pale mto unapobana kati ya mawe, maji yakaanza kupiga kelele. Shemeji alituambia tupige kafi wote kwa nguvu. Tukapiga. Pua ya mashua ilipanda jiwe, ikasimama, na nyuma yote ikazunguka. Mke wangu alitupwa chini ndani ya mashua, uso kwenye mpira, mguu umenasa chini ya kiti. Mama alirushwa nje. Aliingia majini bila sauti, kisha akaibuka upande wangu, hapo hapo, karibu na goti langu lililochubuka. Kofia ilimfunika jicho moja. Jicho la pili lilinitazama usoni.

Ilikuwa mara ya kwanza sisi kutazamana tangu siku ya ngazi.

Mkono wangu ulikuwa huru. Kafi nilikuwa nimeshaiachia. Jile lake lilikuwa na kamba mbili mabegani, nyeupe, naziona mpaka leo. Nilichotakiwa kufanya ni kuinama. Badala yake niligeuza kichwa, nikamwita mke wangu, aliyekuwa amelala kifudifudi na mguu umenaswa.

"Mama ya batoto, mukamate mama!"

Miaka tisa kila kitu kilipita kwake. Chumvi, salamu, ufunguo wa mlango, habari za msiba. Na sasa nilikuwa namwita aje anipitishie mama yake kutoka majini. Nyuma yangu shemeji alipaza sauti nimshike mabega, nimshike mabega, na yeye mwenyewe hakuweza kuachia kafi kwa sababu mashua ilikuwa imeinama. Mama alinyoosha mkono. Mimi nikautazama. Yale maji yaliyokuwa yakimsukuma kwetu yakaanza kumvuta kwenda upande wa mawe.

Haikuwa muda mrefu. Mtu angeweza kumeza mate mara mbili. Lakini mimi nilikuwa humo ndani ya muda ule, najua ulivyokuwa. Shemeji akaitupa kafi, akapita juu yangu kwa goti, akamshika mama mabega, akajirusha nyuma naye. Wakaanguka wote wawili juu ya miguu ya mke wangu. Mashua, bila mwongozaji, ikajizungusha mara tatu, ikaenda kukwama kwenye mchanga. Mama alikohoa maji, akatapika kidogo, akajisafisha mdomo kwa mkono. Kisha akauliza suruali ya watu haijachanika.

Gari la kituo lilitufuata likaturudisha tulikoanzia, na hapo ukingoni walimfunika mama blanketi, wakamwashia moto. Wafanyakazi wa kituo walijaa wakitoa pole. Mimi sikuweza kusimama karibu. Nilikwenda mpaka kwenye mti ule wa gome, nikarudi mpaka majini, nikaenda tena, maji yananichuruzika kwenye viatu. Nilitamani mtu anitukane. Nilitamani shemeji anipige, ningempiga na mimi, yangeisha. Alipita na kamba begani, hakunitazama.

Nikasikia mama anazungumza na mkubwa wa kituo, kwa sauti ya kutaka wote wasikie.

"Mukwe wangu iko na heshima. Hata mu maji hakunigusa."

Wazee wawili waliokuwa wamekuja na familia nyingine waliitikia kwa kuguna, kwamba kweli, watu wa namna hii wamebaki wachache. Mtu akacheka kwa kupendezwa. Nilisimama na mgongo wangu kwao. Jina jema nililolitafuta miaka tisa lilikuwa linatolewa, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, kwa jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya.

Mke wangu alinifuata kwenye mti. Alikuwa anachechemea. Alinipa ujumbe kwanza, kwa sababu ndiyo kazi yake: mama anasema nije nile. Hakusema nitaletewa. Nije nile. Tulijua sote wawili maana yake. Kisha akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kama anatafuta jeraha.

"Uliniita mimi juu ya nini?" akaniuliza. "Mikono yako ilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema desturi. Angekubali, na yeye amelelewa humohumo. Lakini najua nilichokiona nilipolitazama jicho lile. Kichwa changu kiligeuka kwa sababu ya adabu, ndiyo, mazoea ni mwalimu mkali. Ila kilipokuwa kimegeuka, na sauti yangu imeshatoka, na mke wangu hainuki, palibaki nafasi. Na katika nafasi ile mtu fulani ndani yangu alikumbuka tanuri la matofali, na chakula cha peke yangu, na vicheko vya wenzangu, akasema: acha asubiri na yeye. Sikumtakia afe. Nilitaka asubiri. Mto haujui tofauti hiyo.

Nilikwenda motoni. Hapakuwa na wazee wa ukoo, wala mkeka mpya, wala kanga nyeupe ya kufunika vyungu, wala nyimbo za wanawake. Palikuwa na sufuria iliyokuja miguuni pa mke wangu ndani ya Canter, na mama katika suruali ya watu na blanketi. Alifungua kifuniko mwenyewe. Bukari, ndio ugali, sombe ya majani ya muhogo, na tusense, wale samaki wadogo wakavu, waliokaangwa kwa nyanya. Alimega, akapakua, akasogeza sahani juu ya mchanga mpaka ikafika mbele ya magoti yangu. Alisukuma pia bakuli la maji ya kunawa.

Nilinawa. Watu walikuwa wanatazama. Kilichobaki ni tonge moja tu, ningelitia mdomoni na mambo yote yangekuwa yamekwisha, ningeingia nyumba ile kwa mlango niliouchomea mwenyewe, ningecheka na wenzangu. Njaa nilikuwa nayo. Lakini tonge sikulimega. Nilisimama, nikakaa. Mke wangu akaninong'oneza nitulie, mama anangoja.

Nikainua uso nikamsemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Mama, haikukuwa heshima. Nilikuona, na nikawaza."

Mke wangu akashika mdomo. Shemeji, aliyekuwa akikunja mashua hatua chache kutoka hapo, aliacha kukunja. Nilijua nimejirudisha uani mwenyewe, na safari hii hakuna kuku atakayetosha.

Mama alichochea moto kwa kijiti. Akakitupa. Akanitazama kwa macho yote mawili, bila kujifunika.

"Najua," akasema. "Kama ni wewe ulianguka, na mimi ningewaza kwanza. Kula, bukari inapoa."

Akamega tonge lake, akachovya, akala mbele yangu. Nami nikala. Samaki walikuwa na chumvi nyingi. Tulikula kutoka sahani ile moja, polepole, kila mmoja upande wake, na mke wangu alikaa kati yetu na mikono mitupu, hana la kupeleka kwa yeyote.